Sabuni za Siku ya Wema

Ukipita barabara ya lami ya Gitaza, kando ya ziwa, asubuhi, jua likiwa limeshavuka mlima lakini halijawa kali, utamwona mwanamke mrefu ameinama juu ya vitanda vya waya, anageuza ndagala, dagaa wanaoanikwa hapo, kwa mikono miwili kama mtu anayechambua mchele. Huyo ndiye Cibalonza. Wavuvi humwita Mama Provi, kwa jina la binti yake wa pekee, Providence.

Cibalonza hakuzaliwa kwenye maji. Kwao ni Bushi, milimani huko Kongo, kwenye ng'ombe na maharage, na ziwa alilijua kwa kusimuliwa tu mpaka alipoolewa na mvuvi. Siku ile ya kwanza aliposhuka kwenye boti hapa Gitaza, harufu ya ndagala ilimpiga, akatapika mbele ya mama mkwe. Watu wakadhani ana mimba. Miezi mitatu alikula huku ameziba pua kwa ncha ya kitenge. Kisha asubuhi moja akashtuka: harufu imeondoka. Haikuondoka, bwana. Yeye ndiye aliyeingia ndani yake.

Mume alivuka tena ziwa kwenda Kongo kutafuta dhahabu, akasema atarudi kabla mtoto hajaota meno. Mtoto akaota meno, yakang'oka, akaota mengine.

Shuleni Cibalonza alikaa mvua moja tu. Herufi anazozijua ni zile za jina lake, na hizo haziandiki, anazichora. Kwa hiyo jambo moja alilitaka duniani: Providence asome asiishie njiani. Mtoto alikuwa mwaka wa sita, mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, na Cibalonza alijua vizuri kinachowapata watoto wa kwenye vitanda. Akikosa mtihani mmoja, akakaa nyumbani mwaka mmoja, darasa halimwoni tena.

Mwaka huo shule ililetewa Mpango wa Wema. Madamu Elda, mwalimu wa mwaka wa sita, aliitwa Rumonge mjini kwenye formasio, mafunzo ya siku tatu, akarudi na bango lenye picha ya mikono miwili imeshikana na chini yake maneno makubwa: WEMA HAUOZI. Kila Jumatano watoto wakawa wanafanya jambo moja la wema. Wiki ya kwanza walimchotea maji bibi mmoja anayekaa nyuma ya shule. Ya pili waligawana chakula. Providence alisimulia hayo jioni huku akikusanya ndagala kwenye vikapu, na Chausiku alikuwa anasikiliza. Chausiku ni mama wa Kiislamu kutoka Rumonge, vitanda vyake vinapakana na vya Cibalonza, na ulimi wake hauna likizo.

"Wema hauozi?" Chausiku alicheka. "Basi huo wema haujawahi kulala Gitaza siku mbili bila jua!"

Jumatano ya tatu Providence alirudi amebeba mfuko, anauegemeza kwenye paja kwa uzito.

"Iko nini humo, mutoto wangu?"

"Sabuni."

"Sabuni ya nani?"

"Yangu. Darasa limenipa. Kila mwanafunzi kipande kimoja."

Cibalonza aliumwaga mfuko juu ya mkeka. Zilikuwa sabuni za mawese, nyingine za njano, nyingine nyeusi, na kipande kimoja kidogo cha kunukia, kile cha dukani. Katika nyumba ile sabuni ilikuwa inakatwa kwa uzi, nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Kila kipande kilikuwa kimefungwa karatasi ya kayé, daftari la shule, na kila karatasi ina maandishi. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, maana madamu alisema hivyo, ili mama asiyejua Kifaransa naye asikie.

"Chausiku! Chausiku, njoo uone Mungu alivyokumbuka nyumba yangu!" Kisha akamgeukia binti. "Hizi karatasi zinasema nini? Soma, mama, soma."

Providence alichukua moja, akaitazama kwa muda. "Inasema, 'Providence, tunakupenda.'"

"Na hii?"

"'Providence, wewe ni rafiki yetu.'"

"Na hii?"

"'Mungu akubariki wewe na mama yako.'"

"Mpaka mimi!" Cibalonza alipiga makofi, machozi yakamtoka. "Watoto wa watu, mpaka mimi!"

Providence akazisoma zote hivyo bila kukwama, sauti haipandi wala haishuki. Chausiku naye hajui kusoma, lakini hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anamtazama mtoto. Akafungua mdomo, akaufunga. Kwa Chausiku hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Kuanzia siku hiyo Providence akawa mtu wa kuoga. Alioga kabla ya shule, aliporudi, na kabla ya kula. Alijisugua kwa jiwe la ziwani mpaka povu likawa na rangi. Sabuni ya mawese ikitiwa soda nyingi ni kali. Ngozi ya mikono ikaanza kupasuka kama udongo wa kiangazi. Inifomu yake hakutaka ikae ndani ya nyumba, akaenda kuianika kwenye mti kando ya barabara, mbali. Vitanda hakuvigusa tena.

"Nimezaa bibi harusi," Cibalonza alisema kwa majivuno.

"Mama Provi, mtoto huyo haogi," Chausiku alijibu. "Anajichuna."

"Wacha weye. Ni usichana."

Sasa deni la wema ni zito kwa mtu aliyelelewa. Kwao Bushi, kikapu kilicholetwa na kitu hakirudi kitupu. Cibalonza alichagua ndagala wazuri kwa siku tatu, akatoa mchanga punje kwa punje, akajaza beseni lake jipya.

"Mama, usiende," Providence alimwambia.

"Mbona?"

"Watu wengine wanashukuru kwa mdomo tu."

"Mkono mtupu haulambwi. Unataka waseme mama yako hakufundwa?"

Baadaye mtoto akasema, polepole, "Basi usichukue karatasi." Cibalonza aliyasikia maneno hayo, lakini aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa usingizini.

Jumatatu alivaa kitenge cha Pasaka. Kwenye ncha yake alifunga karatasi moja, ile yenye herufi nzuri kuliko zote, zimepangwa kama ndagala kwenye waya. Akatia beseni kichwani, akapanda njia ya shule. Bendera ilipokwisha kupandishwa, direkta, mkuu wa shule, alimkaribisha mbele ya mistari ya wanafunzi.

"Amahoro, watoto wangu!"

"Amahoro, mama!"

"Mimi ni mama yake Providence. Sikusoma, munisamehe. Lakini mtoto wangu alinisomea maneno yenu yote, moja moja, nikalia kama siku ya harusi. Leo nimewaletea mboga, kila mutu apeleke kidogo nyumbani. Na ninataka walimu wote wasikie vile munavyopenda." Akaifungua ncha ya kitenge. "Nani atanisomea hii?"

Mkono ulioinuka haraka ulikuwa wa Benita, binti wa mtengeneza sabuni, kola nyeupe, viatu vinang'aa. Aliijua karatasi yake tangu mbali. Akaja mbele akasimama wima, akasoma kwa ile sauti ya darasani, bila haya, maana hakuona penye haya:

"'Providence, tunakupenda. Oga vizuri kila siku, na mama yako aoge, ili harufu ya ndagala itoke. Ndipo tutarudi kukaa benchi moja na wewe.'"

Kamba ya bendera ikasikika inagonga mlingoti. Kisha kicheko kikaanza nyuma, kidogo, kikatembea mstari kwa mstari. Mtoto mmoja alishika pua akapiga kelele, "Na leo ametuletea beseni zima!" Madamu Elda akapiga makofi wanyamaze. Hakuna aliyemsikia.

Cibalonza alibaki anatabasamu, maana tabasamu alilokuja nalo lilikuwa bado halijapata habari. Akamtafuta binti yake kwenye mstari. Providence hakuwa analia. Alikuwa anamtazama mama yake, si kwa hasira, bali kama mtu aliyebeba mtungi umbali mrefu ukamponyoka mlangoni. Kisha akatoka kwenye mstari, akavuka uwanja, akatoka getini. Hata hakukimbia.

"Mama," Madamu Elda alimfuata Cibalonza, "watoto hawakuwa na nia mbaya."

"Ninajua, madamu. Sabuni ilikuwa nzuri. Murakoze, asante."

Beseni aliliacha pale pale. Zawadi hairudishwi.

Alimkuta Providence kwenye vitanda, na inifomu yake mwilini, anageuza ndagala.

"Karatasi zote zilikuwa hivyo?"

"Si zote."

"Ngapi?"

"Mama, wacha."

"Tangu lini unakaa benchi peke yako?"

Mtoto aligeuza mstari mzima kwanza. "Tangu mwaka wa nne."

Miaka miwili. Miaka miwili Cibalonza alikuwa anauliza kila jioni, "Shule iko vipi?" na kila jioni anajibiwa, "Iko muzuri."

Providence hakurudi shuleni siku iliyofuata, wala siku nyingine. Alhamisi Madamu Elda aliteremka mwenyewe mpaka kwenye vitanda. Hakuziba pua, ingawa macho yalimlowa, na Cibalonza hakujua ni kwa harufu au kwa jambo jingine.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilimwona anakaa peke yake, nikafikiri dawa ni sabuni. Nilifikiri tukimpa, wenzake watasogea. Ubaoni niliandika 'Tunakupenda', nikawaambia kila mmoja aongeze neno lake la moyoni. Sikusoma kila karatasi." Akamgeukia mtoto. "Providence, mtihani ni baada ya wiki mbili. Utakaa mbele, karibu na meza yangu."

"Peke yangu tena," alisema Providence.

Madamu Elda akaushika mkoba wake, akapanda barabarani.

Cibalonza alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Akamleta hata Chausiku.

"Mwanangu," Chausiku alisema, "mimi wananiita Mama Ndagala mpaka msikitini. Nami naswali safu ya mbele, atakayeshindwa arudi nyuma!"

Providence alicheka, kicheko kifupi. Lakini hakwenda.

Asubuhi ya mtihani Cibalonza aliipiga pasi ya mkaa inifomu, akaitandaza juu ya mkeka. Akashangaa kuona mtoto anaivaa. Walitoka pamoja mpaka ukingo wa lami, mama ameubeba mkoba wa shule kana kwamba binti anaweza kuudondosha. Wanafunzi walikuwa wanapita makundi makundi, kalamu mikononi. Providence akasimama.

Benita akajitenga na kundi lake, akavuka barabara. Hakuleta sabuni wala karatasi.

"Twende. Nimekuwekea nafasi kwenye benchi yetu."

Providence aliitazama mikono yake iliyopasuka. "Wewe nenda."

Akageuka, akarudi kwenye vitanda. Benita akamfuata. Akaichomeka kalamu kwenye nywele, akaanza naye kugeuza ndagala, vibaya, wengine wakamwangukia chini kwenye mchanga. Wavuvi walitazama.

"Si kwa vidole," alisema Providence, akamshika mkono. "Kwa kiganja. Hivi."

Wakageuza mstari mmoja, mpaka mwisho. Kengele ikalia huko juu. Benita akamtazama mwenzake, akangoja, akangoja tena kidogo, kisha akakimbia. Alipofika barabarani aligeuka nyuma. Akaenda kwenye mtihani na magamba mikononi. Providence akauanza mstari wa pili.

Mchana, waya zilipobaki tupu, Cibalonza aliketi kivulini, mkoba wa shule ukiwa bado begani mwake.

"Njoo nikusuke."

Mtoto akaja akakaa kati ya magoti yake. Cibalonza aliziachanisha nywele kwa kitana, kisha akakiweka chini. Akainama, akatia pua kwenye nywele zile, akashuka shingoni, akaushika mkono uliopasuka akaunusa kuanzia kiwiko mpaka kwenye kucha. Alivuta pumzi kwa nguvu zote, anaitafuta ile harufu iliyomtapisha mbele ya mama mkwe siku ile aliposhuka kwenye boti. Aliitafuta kwa hamu, kama mtu anayetafuta ufunguo. Akakuta jua, na mtoto wake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunusa."

"Unasikia harufu?"

Angeweza kumdanganya, kama yeye alivyodanganywa karatasi kwa karatasi, kwa upendo. Hakujua hata uongo wenyewe ungekuwa upi: kusema anasikia, au kusema hasikii.

"Haki ya Mungu, mwanangu, sisikii kitu."

Mbele yao ziwa lilikuwa limetulia.

"Zamani hata mimi nilikuwa sisikii," alisema Providence. "Sasa nasikia. Hata nikioga, nasikia. Na wewe, mama, nakusikia."

Cibalonza alikiokota kitana. Akaanza kusuka.