Bega la Mbele Kushoto

Habari kwamba sanamu ya Mtakatifu Emidio ingepandishwa mlimani kwa bajaji ya mizigo ilimkuta Nunziata kwenye foleni ya mkate. Aliyeitoa ni Quirino mwenyewe, mwoka mikate wetu na mkuu wa wabebaji, huku akijifuta unga mikononi kama mtu anayetangaza kuwa mkate wa jana umebaki.

"Bajaji ipi hiyo?" Nunziata akauliza.

"Yangu. Nitaiosha."

"Ile unayobebea nguruwe?"

"Si nimesema nitaiosha?"

Foleni nzima ikacheka, Nunziata hakucheka. Alichukua mkate wake, akaubana kwapani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Emidio hatapanda bajaji yeye akiwa hai, kisha akatoka. Kwetu Roccamorella watu huapa mengi kwenye foleni ya mkate na mengi huishia pale pale. Ila huyu tulimjua.

Waliojenga mji wetu walikuwa waoga, na woga wao ndio unaotutoa jasho mpaka leo. Walipowakimbia wanyang'anyi wa bondeni walijibanza juu ya jabali, wakabebanisha nyumba juu ya nyumba, na katikati wakaacha njia moja ya mawe, nyembamba, ya kupanda tu. Tunaiita Vunja-Magoti. Kanisa liko chini yake. Juu kabisa kuna kikanisa kidogo, mahali walipojikusanya mababu zetu zamani ardhi ilipotikisika na kuwaangushia kila kitu. Ndiyo sababu kila Agosti tunampandisha huko Emidio, mlinzi wetu dhidi ya matetemeko, juu ya mabega ya watu.

Sanamu yake, pamoja na miti miwili mirefu ya kuibebea, ni ya mjozi, na uzito wake si wa mzaha. Na kwa kuwa njia ni ya kupanda, wa mbele sharti wawe wafupi na wa nyuma warefu, la sivyo mtakatifu hulala chali. Nafasi hizo hurithiwa. Bega la mbele kushoto ni la ukoo wa kina Sabatino, watu wafupi tangu enzi na enzi, na alama ya haki yao ni ngata ya ngozi ya kondoo, yenye ukanda wa kuivutia begani. Asiye na ngata haingii chini ya mti. Sabatino, baba yake Nunziata, alikuwa ameivaa tangu ujana, mpaka majira ya baridi yaliyopita alipoteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Mwanawe wa kiume, Gildo, yuko Ubelgiji, na hata angerudi asingefaa, maana alichukua urefu wa mama yake. Wabebaji walijaribu mtu mrefu mahali pa mzee. Emidio akaegemea nyuma kama mlevi, wakamshusha haraka, na hapo ndipo Quirino alipoifikiria bajaji yake.

Nunziata alikuwa amepita miaka hamsini, mfupi, mpana, asiyeolewa, tena kwa kupenda mwenyewe. Wenzake walipotawanyika kwenda Roma na Ajentina yeye alibaki na mizeituni ya baba yake, kwenye matuta ambayo hakuna gari linalofika, na kila kreti iliyotoka huko ilitoka begani mwake. Watu walidhani ni mkaidi tu. Yeye alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mtoto mdogo ardhi ilitikisika tena, boriti ya nyumba yao ikamfunika. Mikono haikutosha. Wanaume walikimbilia kanisani, wakachomoa mti wa kushoto chini ya Emidio, wakaja kuinulia boriti kwa mti ule, na aliyeingia kumvuta mtoto alikuwa Sabatino. Nunziata hakukumbuka boriti. Alikumbuka harufu ya nta na mjozi puani.

Jioni ile akaenda nyuma ya tanuri la Quirino.

"Nipe nafasi ya baba."

"Una ngata?"

"Sina."

"Basi niache nikande unga wangu."

"Na ningekuwa nayo?"

Quirino akamtazama. "Ungekuwa nayo, hata mbuzi wako ningempanga. Kanuni ni ngata, Nunziata, si ndevu."

Alimkuta baba yake mezani anakunywa supu ya dengu. Hakuzunguka mbuyu.

"Baba, nipe ngata."

"Nitazikwa nayo."

"Huko utambeba nani?"

"Nitajua nikifika."

"Kwa hiyo utakaa hapo mlangoni umwone Emidio anapita kafungwa kamba kama jokofu?"

"Nitafumba macho."

"Baba, mti ule ulinibeba mimi kabla sijaanza shule."

Mzee akaweka kijiko chini. "Ndiyo maana," alisema. "Nilikutoa chini ya boriti kwa mikono hii. Leo unataka nikurudishe chini ya mti kwa mikono hii hii?"

Miaka yote Nunziata alidhani ananyimwa kwa kuwa ni mwanamke, na ubishi wa namna hiyo alijua pa kuushika. Huu ulimuuma. Aliosha sahani, akalala nao, na asubuhi akaamka hajabadili nia hata kidogo.

Tangu siku hiyo akawa anapandisha mawe. Ukuta wa tuta la juu ulikuwa umeporomoka, akasema anautengeneza, lakini mawe aliyachukua kanisani chini na kuyapitisha Vunja-Magoti yote, begani kushoto, hatua fupi fupi kama za wabebaji. Wanawake walimkalia barazani.

"Nunziata, unajenga Roma nyingine?"

"Roma ina watu wake. Mimi najenga bega."

"Utaolewa na nani na bega hilo?"

"Na atakayeweza kulibeba."

Baba yake alimwona kila alipopita mlangoni. Siku moja aliomba sindano na uzi mweusi, eti kifungo kimekatika. Nunziata akataka kumshonea, akafukuzwa. "Nina mikono," mzee alisema, akafunga mlango wa chumba chake.

Sikukuu ikafika. Bajaji ilioshwa kweli, ikapambwa maua, na mbele ya kanisa wabebaji walisimama wakitazamana kama waliofiwa. Emidio alikuwa bado juu ya miti yake, akingoja kuhamishwa. Nunziata akapenya katikati ya watu, akakunja taulo la jikoni, akaliweka begani, akasimama mbele kushoto.

"Inueni," alisema.

Hakuna aliyeinua. Padri akamtazama Quirino, Quirino akatazama taulo.

"Hiyo si ngata."

"Najua."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Sema 'inueni'. Kila mwaka unalisema wewe."

Yule wa mbele kulia, ambaye alikuwa amebeba sambamba na Sabatino maisha yake yote, akaingia chini ya mti wake. Wa nyuma wakafuata mmoja mmoja. Quirino akavuta pumzi.

"Mpaka mlangoni kwa Sabatino," alisema. "Mwenye ngata yupo, aseme mwenyewe. Akikataa, tunamshusha pale na bajaji inamchukua. Usinililie."

"Sijawahi kukulilia."

Wakainua. Nunziata alikuwa amebeba mawe na kreti na magunia, ila hakuwa amebeba kitu kinachoyumba kwa hatua za watu wengine. Mti ulimng'ata kupitia taulo, ukateleza kuelekea shingoni, akaurudisha kwa taya. Aliogopa. Nyuma yao bajaji, ikiendeshwa na kijana mmoja, ilinguruma polepole, ikiwafuata kama fisi anayejua kuna atakayeanguka. Lakini Emidio alikuwa wima. Watu waliliona hilo, wakaacha kunong'ona.

Mlangoni kwa Sabatino wakaegemeza miti juu ya magongo yao, kama ilivyo desturi, wapumzike. Mzee alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine nyuma ya mgongo. Taulo lilikuwa limeanguka njiani na gauni la Nunziata lilikuwa limelowa damu begani. Mzee aliitazama damu ile.

"Sabatino," Quirino akasema, "unasemaje?"

Mzee alimgeukia kijana wa bajaji. "Zima hilo dude, siwezi kujisikia."

Ikazimwa. Akachechemea mpaka kwa binti yake, akatoa ngata nyuma ya mgongo, akaiweka juu ya damu, akapitisha ukanda kifuani mwake.

Sabatino alikuwa na kifua cha pipa. Nunziata alingoja ukanda ule ulegee, umpwaye. Haukulegea. Ulimkaa sawasawa. Akapapasa kwa kidole, akakuta umekatwa na kuungwa upya kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, iliyopinda, ya mwanaume ambaye hajawahi kushona kitu maishani.

"Unakanyaga mbali mno," mzee akamwambia. "Fupisha hatua. Na ukiniangushia mtakatifu, usirudi kula."

Nunziata akaingia chini ya mti. Harufu ilikuwa ile ile.

"Inueni," alisema Quirino.