Wifi na Kunguni wa Pichani

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana kazi ambayo watu wakiisikia hujikuna: anatambua kunguni. Si wa kitandani. Nyumba yangu haijawahi kuingia kunguni, na anayebisha aje akague magodoro. Nasema kunguni wa mimea, wale wanaokaa kwenye majani wakinyonya utomvu.

Aliuza mbegu na dawa za shamba katika duka la watu mpaka magoti yakagoma. Mwenye duka hakumwacha. Mkulima akituma picha ya mdudu, inarushwa kwetu, na wifi anajibu huyo ni nani na afanywe nini. Hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, amebinua mdomo kama fundi saa. Kamwe haanzi na rangi. "Rangi ni nguo tu," huniambia, "mdudu hubadili nguo anapokua. Tazama mabega, tazama mdomo."

Mimi humwita Daktari wa Chawa. Yeye huniita Mke wa Kaka, kama vile sina sifa nyingine duniani. Ndivyo tulivyoishi tangu tubaki wajane wawili, tukigombania dirisha hilohilo.

Mwaka huu nikaona anaisogeza simu mpaka inagusa pua. Siku moja nikamkuta anasalimia koti langu lililotundikwa mlangoni. Kuna mambo mtu mzima huachiwa ayaseme mwenyewe.

Hakusema, mpaka asubuhi ile mwenye duka alipopiga: mkulima wa nyanya ametuma picha, bomba la dawa liko mgongoni tayari, anangoja neno tu. Wifi akaikodolea simu. Akaigeuza. Akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Ina ukungu," akasema.

"Ukungu hauko kwenye simu, wifi."

Akainamisha kichwa. "Wakijua, hawatanitumia tena. Nitakaa hapa nifanye nini? Nikutazame wewe? Na wewe mwenyewe sikuoni."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikavuta kiti, nikaichukua simu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini macho Mungu hakunibania.

"Haya, niulize."

"Mabega yakoje?"

"Membamba. Kichwa kirefu, kimejitenga na mwili, kama jirani yetu anapochungulia uani."

"Mdomo?"

"Sindano."

"Wote wana sindano. Nyembamba iliyolala tumboni, au nene?"

Nikaikuza picha. "Nene, tena fupi. Imepinda kama mkono wa birika."

Akanishika kifundo cha mkono. "Una hakika? Usiseme ili kunifurahisha."

"Lini nimewahi kukufurahisha?"

Hapo akatabasamu. "Basi huyo hanyonyi majani. Ananyonya wadudu wenzake. Mwambie atue bomba, amepata askari wa bure."

Kabla ya mchana ikaja picha nyingine: ni yuleyule, amemchoma kiwavi na kumshikilia. Nikamweleza wifi mpaka ncha ya mguu wa mwisho. Alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Ndipo nikamwambia habari ya kwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, ule ukungu wake. Aliogopa kisu kisije kikamaliza hata kile kidogo alichokuwa anaona. "Kikimaliza," nikasema, "mimi nipo. Utauliza, nitajibu." Akaniuliza kama nguo zake za kutokea zimepigwa pasi.

Siku bandeji ilipotolewa, alinitazama kwa muda. "Kumbe ndivyo ulivyozeeka."

"Ulidhani umezeeka peke yako?"

Siku hizi anaona hata unywele kwenye mguu wa mdudu. Lakini picha ikiingia, simu ananipa mimi, anaegemea kiti na kufumba macho.

"Haya, Mke wa Kaka. Mabega yakoje?"