Punje Iliyobaki Mkononi

Nisiwafiche, wazo la kura ya siri lilikuwa langu. Kwenye kikundi chetu cha akina mama kumi wauza mchele hapa Mlabani, mwenyekiti akishasema, sisi wengine tunaitikia tu. Safari hii tulikuwa tunaamua kama Mama Salome aendelee kukagua mchele. Macho yake yamefifia, na wateja wanalalamikia mawe. Lakini ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kumwambia usoni nisingeweza.

Nikampa kila mmoja punje mbili.

"Mpunga, aendelee. Mchele, apumzike. Tumbukiza moja kwenye chungu, nyingine ifiche ukaitupe nje. Hakuna atakayejua."

Pembeni wote walikuwa wamenong'ona kwamba amezeeka, kwa hiyo nilitumbukiza mchele bila wasiwasi.

Tulipomimina chungu, mpunga ulikuwa punje tisa. Mchele, moja.

Mama Salome akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Asante, mwanangu. Bila kura yako ya siri, maneno ya pembeni yangeniondoa."

Nami, mtaalamu wa siri, nikasimama na kumpa mikono yote miwili kwa heshima, nikasahau nilichoshika. Vidole vyake vikaigusa ile punje kiganjani mwangu, vikaigeuza taratibu, kama alivyonifundisha.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mbona huu ni mpunga?"