Pikapu ya Kijani Yaenda Posa Boito

Nilitoka Kapsoit kwa sababu Mzee arap Rono aliniomba, na mzee yule hakuwa mtu wa kuombaomba. Mwanawe Kipkirui alikuwa anaposa Boito, na pale sokoni petu mwenye pikapu ya kuwabeba alikuwa mimi, Mama Njeri wa viazi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati mwanamke mwenye spana mkononi alikuwa bado sinema ya bure. Mafundi walikuwa wamenichezea mno, nikaamua kujifunza kuitengeneza pikapu mwenyewe.

Siku chache kabla ya safari mzee alikuja na mpakaji rangi.

"Mama Njeri, hatuwezi kwenda kwa watu na gari inakaa hivi."

Walikuja na rangi ya kijani iliyobaki mzee alipopaka bati la nyumba yake. Wakapaka nje, wakafungua boneti, wakapaka na ndani. Nilicheka, lakini pia nilifurahi, maana hakuna aliyewahi kuliheshimu gari langu namna ile.

Alfajiri, Kapsoit. Mzee na mkewe, Mama Cheptoo, walikaa mbele pamoja nami. Kipkirui na baba zake wadogo walipanda nyuma, chini ya turubai. Kijana alikuwa amevaa koti jipya.

Mjini Kericho tulipita maduka yakiwa yamefungwa. Hadi Litein taa zilimulika vizuri na Mama Cheptoo aliimba wimbo wa kanisani polepole. Kisha tukaiacha lami.

Hapo ndipo ukungu ulipotushukia, ule wa kwetu kwenye chai, unaoficha hata pua ya gari. Katika shimo la kwanza taa kubwa zote mbili zikapepesa. Katika la pili zikazimika kabisa, na lori la majani ya chai likatokea mbele yetu likipiga honi. Nikakata usukani, likapita. Nikasimama kando ya njia.

Mzee hakuinua sauti. "Turudi. Hii njia imetukataa."

Mama Cheptoo akaacha kuimba. Wale wazee wa nyuma nao wakaanza kunong'ona kwa Kipsigis. Nilijua uzito wa neno lile. Msafara wa posa ukirudi kabla ya kufika, watu husema jambo limekataa, na upande wa msichana huona wamedharauliwa. Kipkirui alishuka akasimama dirishani.

"Baba, wamepika huko," alisema. "Wanatungoja."

"Mzee, ngoja niangalie kwanza," nikasema. "Nikishindwa, nitageuza gari mimi mwenyewe."

Nikafungua boneti. Balbu mbili haziwezi kuharibika pamoja na kupona pamoja, kwa hiyo balbu sikuzigusa. Nikazishika nyaya za betri, zimekaza. Fyuzi nzima. Honi yangu ilikuwa inalia vizuri na injini haikukohoa. Basi ubovu ulikuwa mahali ambapo taa zile mbili hukutana, nami napajua: waya mweusi unaotoka kwenye taa na kufungwa kwa bolti kwenye bodi. Mafundi huuita athi. Ndio unaorudisha umeme kwenye betri, na ukikosa kugusa chuma, umeme hauna pa kupita na taa huzimika.

Nilichukua kipande cha waya, nikaunganisha mwisho wa ule mweusi moja kwa moja na hasi ya betri, nikamwambia Kipkirui atingishe gari kwa nguvu zake zote. Alilitingisha kama mtu anayepigania mke. Taa ziliwaka, hazikupepesa hata kidogo.

Nikamwita mzee peke yake. Nikafungua bolti, nikamwonyesha: chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya kijani, nene, inang'aa. Mpakaji aliutoa waya ili apake vizuri, akaurudisha juu ya rangi; kwenye lami ulikuwa bado unagusa chuma kidogo, mashimo yakautikisa ukaacha. Mzee alipagusa kwa kidole.

"Ni mimi?"

"Ni rangi," nikamjibu.

Nikakwangua kwa kisu mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza bolti. Tukaondoka.

Boito tulifika jua limeshatoka. Baba wa msichana alitupokea mlangoni bila tabasamu.

"Tulisema labda mmebadilisha nia."

Ukungu ungetosha kuwa kisingizio, nami nilikuwa tayari kumsaidia mzee kukisema. Lakini alivua kofia.

"Nilipaka hii gari rangi juu ya heshima yenu. Nikapaka mpaka mahali haitaki rangi, taa zikakataa. Tungerudi. Huyu mama ndiye ametufikisha."

Nyanya wa msichana, aliyesimama nyuma yake, akacheka hadi akashika mlango. "Mtu anapaka gari mpaka tumbo juu yetu? Waingie, wapewe maziwa ya mursik!"

Walikubaliana kabla ya jua kuinama. Tuliporudi jioni ukungu ulikuwa umeshuka tena, na taa zilimulika bila kutikisika hadi Kapsoit. Nyuma waliimba, na Kipkirui ndiye aliyewashinda wote kwa sauti.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kujua ubovu, anza na kitu kilichoguswa mwisho, hata kama aliyekigusa alikuwa anakupenda. Mzee naye alijifunza lake. Kila akipita sokoni hufungua boneti kwanza, akaangalia kama pale nilipokwangua pangali bila rangi, ndipo anisalimie.