Mwalimu wa Udereva na Wifi Yake

Alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na tisa, hata mumewe alimwita Mwalimu. Siku nzima alikaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, akiwakumbusha watu wazima na ndevu zao waangalie kioo kabla ya kulipita gari la mbele. Jumamosi mchana ndipo na yeye aliposhika usukani: wa plastiki, umefungwa kwenye meza, skrini mbele yake, akishindana na watu ishirini katika mbio za mtandaoni.

Aliyemwingiza huko ni wifi yake, dada wa mumewe, mfamasia aliyejiita Sindano.

Fainali ya msimu, kona ya mwisho, Mwalimu alikuwa anaongoza. Sindano akajitupa kwa ndani akiwa amechelewa mno, hakugusa breki, akaliegemea gari la Mwalimu kama mtu anayeegemea ukuta. Mwalimu akaishia mchangani, Sindano akachukua ushindi. Sheria yao ilikuwa wazi: ukikutana na mwenzako konani, mwachie upana wa gari moja. Waamuzi wakasema ni ajali tu ya mbio.

Kesho yake, mezani kwa mama mkwe, Sindano alilisimulia tukio lile mbele ya ukoo mzima, kisha akamgeukia. "Wifi, mchezo hautaki roho nyepesi." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa miezi mitano, kila saa ya chakula, alikaa ndani ya gari la kufundishia akitazama kwenye simu rekodi za mbio za Sindano. Akamjua kuliko alivyomjua kaka mtu. Akagundua ana hofu moja: akiona pua ya gari kushoto kwenye kioo, hukimbilia kuziba, hata breki huisahau.

Fainali iliyofuata, Sindano aliongoza, Mwalimu nyuma yake. Mizunguko kumi, kona ile ile, Mwalimu alichomoza pua kushoto, akairudisha. Kumgonga angeweza, na mkono ulimwasha. Ila alitaka Sindano aanguke kwa mikono yake mwenyewe, asipate hata mwamuzi wa kumlilia.

Mzunguko wa mwisho akachomoza tena. Sindano akaziba, akachelewa kufunga breki. Mwalimu akapita kulia taratibu, akimwachia nafasi ya kutosha hata lori. Sindano akateleza peke yake mpaka ukutani.

Malalamiko yake hayakufika mbali. Rekodi haikuonyesha hata mkwaruzo. Akapiga simu.

"Ulinitega."

"Sikukugusa, wifi."

"Lakini ulitaka nianguke."

"Nilitaka sana," Mwalimu akasema, akakata.

Mumewe alimsihi wayamalize, damu ni nzito. Akamjibu kwamba yataisha siku dada yake atakapokiri, mbele ya wale wale waliocheka, kwamba alimgonga makusudi. Hajakiri mpaka leo. Mume huenda kwa mama yake peke yake.