Pagazi wa Kondo

Asubuhi moja ya kipupwe nilikuwa uani kwangu Kwihara, najipaka samli visiginoni. Vilikuwa vimepasuka, kidole kinaingia. Mke wangu Nyamizi anachemsha uji, mimi napiga chafya, na ndoo ya asali niliyorina jana yake iko kando. Shida zangu zilikuwa hizo tu, mafua na magaga. Shule nimeishia darasa la pili, lakini kila mzinga niliotundika porini nimeuchonga mwenyewe.

Mvua zilipoanza, sisi mgambo tukaitwa vitani Uganda. Nyamizi akanifungia asali kwenye kibuyu.

"Kifua chako nakijua," alisema.

Baridi ya kule milimani si ya kwetu. Ya kwetu kavu, unaota moto inakwisha. Ile ilikuwa ya maji. Handaki linajaa, buti hazikauki, vidole vya miguu vinachubuka na kunuka. Umekuja kupigana, unashinda unajikuna. Ukikaa unataka kusimama, ukisimama unaambiwa inama.

Handakini nililala na Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Siku ya kwanza tu akaniita pagazi.

Kondo alikuwa na kikohozi. Si kikubwa, kikavu tu, cha kukwaruza. Nyumbani ungemcheka. Pale kingeweza kutuua sote, na kamanda alikwisha kusema akikohoa tena doriani anarudishwa nyuma. Kondo hakutaka kurudishwa. Mimi nami nilimtaka karibu. Basi kila tukitoka namlambisha asali.

"Fungua mdomo, mla nazi."

"Babu zako walibeba pembe. Wewe nibebee kikohozi."

"Lamba, unyamaze."

Alfajiri moja ukungu ulishuka mpaka kwenye majani. Tulilala kifudifudi kando ya migomba. Adui walikuwa wanapita barabarani.

Nikasikia kifua cha Kondo kinaanza.

Nikamsukumia kibuyu. Akafyonza.

Buti zikapita.

Hakukohoa.

Tulipoinuka kurudi, mzinga wao ukalia. Mimi mzinga niliokuwa naujua ni wa nyuki. Huu ulimpata Kondo nyonga.

Nikamtia mgongoni.

"Polepole, pagazi," akasema. "Huu mzigo wa bwana."

"Bwana gani ananuka miguu?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akakohoa sana, sasa hakuna wa kumkataza. Halafu akaacha. Sikusimama. Nilitembea naye hivyo hivyo mpaka kambini.

Wakachimba kaburi fupi. Kwa desturi yetu mtani hulala kaburini akagoma, mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote, ndipo maiti ashushwe. Nikaingia, nikalala. Maji yakanipanda mgongoni. Wenzangu walidhani nimechanganyikiwa.

"Toka humo," kamanda akasema.

"Nani anamkomboa?"

Kondo hakuwa na ndugu pale. Kamanda akaniangalia, halafu akavua sweta lake, akanitupia.

"Toka, mtani. Mwachie mwenzio alale."

Nikatoka.

Vita vilipokwisha nilikwenda Kisarawe kumtafuta mama yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia nilikuwa na mwanawe. Hakuuliza risasi wala bomu.

"Kwenye kuzika, palikuwa na mtani?"

"Nililala mimi, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi amezikwa," akasema, akaniletea maji ya kunywa.

Sasa kila kipupwe baridi ile ya mgongoni inanirudia, na kukaa kitako siwezi. Naota moto kidogo, nainuka, nazunguka uani, narudi, nachochea tena. Visigino vinapasuka kama zamani. Wajukuu wananiletea vidonge vya dukani.

"Babu, si baridi tu hiyo?"

Ni baridi tu. Nawajibu hivyo, nao wanaridhika. Sweta lile lilikwisha kuliwa na nondo siku nyingi. Nyumba ya matofali nimeijenga, mizinga ninayo, asali imejaa ndoo mpaka juu. Nikisikia mtu anakohoa njiani nageuka kabla sijafikiri, mkono umekwisha kushika kibuyu.

Kumbe ni mpita njia. Namwambia pole, anakwenda zake.