Safari ya Mama Kwenda Ng'ambo

Bi Mita kazi yake ni kusoma mita za maji, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Akifika mlangoni kwa mtu hapigi hodi wala hasalimu, hupaza sauti, "Mita!" na mlango hufunguka. Ana raba zilizoliwa visigino na ulimi ambao hata mbwa wakali wa mitaa ile wanauheshimu. Mji anaujua kwa chini: mita ipi imezikwa kwenye maua, ipi imefichwa nyuma ya mapipa, ipi buibui wameihamia. Ungemwuliza habari za kale za mji huo angekwambia hana nafasi na waliokufa, maana walio hai peke yao wanamtoa jasho.

Nyumbani anaishi na mama yake. Humwogesha, humkata kucha, humpondea chakula kwa sababu meno yameaga. Mdogo wake, ambaye majirani humwita Balozi, anaishi ng'ambo, katika nchi za baridi, na kazi yake kwa mama ni kupiga simu Jumapili. Hapo ndipo penye mambo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, ila walisahau kuongeza kwamba ndiyo inayosifiwa. Mama akisikia sauti ya Balozi hutabasamu kutwa nzima. Bi Mita akileta supu, huambiwa imepoa.

Basi mwaka huo mama akashika wimbo mmoja. Akiamka, ng'ambo. Akivalishwa gauni, ng'ambo. Nipelekeni ng'ambo kabla sijafa. Akiulizwa huko ng'ambo kuna nini, alijibu kuna watu wake. Watu wake! Na huyu aliyeshika kijiko ni nani, mpita njia?  Bi Mita alimpangusa mama mdomo, akaenda jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana.

Balozi aliposimuliwa alilia kwenye simu. Tumpe haki yake, hakulia tu akanyamaza; alihangaikia pasipoti, akamtafuta daktari, akatuma tiketi. Mama angesafiri mwisho wa mwezi, na mtu wa umri ule hasafiri ili arudi. Kila alilosema Balozi, Bi Mita alijibu "sawa". Nawe ukiona mtu mwenye ulimi kama ule anasema sawa, sawa, sawa, jua hakuna lililo sawa. Upweke hakuuogopa. Kilichomla ni kwamba miaka yote ya kumbeba mama mgongoni ilikuwa imewekwa kwenye mizani, na ikashindwa na simu ya Jumapili.

Wiki ile maji yalikatika mji mzima. Mita zimelala, lakini mkubwa wa ofisi aling'ang'ania zikasomwe vilevile, na Bi Mita akazunguka akinung'unika. Alipofika kwenye bonde la barabara kuu, pale fundi viatu anapokaa juu ya kiukuta kifupi cha mawe, aliinama kufunga kamba ya raba. Karibu na mguu wake palikuwa na mfuniko wa chuma. Akasikia maji yanakwenda chini yake, tena mengi, tena kwa kasi.

Maji yamekatika halafu huku yanakimbia? Akajua ni bomba limepasuka, akapiga simu ofisini na kuwapa maneno yao. Msimamizi wa mafundi, mtu mnene mpole, akaja na gari na vijana wake. Wakaung'oa mfuniko. Akamulika tochi, akachungulia, akaanza kucheka.

"Dada, hili si bomba," akasema. "Huu ni mto."

Bi Mita akamwambia asimfanye mtoto. Yule bwana, huku akijifuta mikono, akaeleza kwamba mto huo ulipita wazi hapo zamani, ukifurika kila masika na kunuka kila kiangazi, hata wakubwa wakachoka nao, wakaufunika kwa zege na kupitisha barabara juu. Kile kiukuta cha fundi viatu kilikuwa ukingo wa daraja. Fundi viatu akainuka, akakitazama, akasema yeye alidhani kimejengwa kwa ajili ya watu wenye mgongo mbovu. Kisha akakaa tena.

"Bibi yangu alikuwa akifua hapa," akasema msimamizi akirudisha mfuniko. "Upande ule walivunjiwa nyumba, barabara ikapita. Huku wakikuita mjini, kule wakikuita ng'ambo."

Bi Mita akamwomba arudie. Akarudia. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaacha mtaa bila kuumaliza.

Alivuka barabara ile ile aliyoivuka miaka nenda miaka rudi akitafuta mita tu. Sasa akaona. Vichochoro vyote vya upande wa pili vinateremka kuelekea barabarani, kisha vinakatika ghafla. Baina ya duka la misumari na saluni palikuwa na ngazi za mawe zilizolika katikati, zinashuka mpaka kwenye lami, basi, haziendi popote. Alizikumbuka. Aliwahi kuzitukana kwa kumpotezea muda, kwa kuwa hazina nyumba wala mita. Akasimama pale akijisikia mjinga, na ujinga ule ukamfurahisha.

Kesho yake akamchukua mama kwa teksi. Dereva alitaka kuwavusha kwa gari, akakataliwa; wakashuka kwenye kiukuta. Fundi viatu akasimama katikati ya barabara na kiatu cha mtu mkononi, akayazuia magari kama askari. Mama na mwana wakavuka wameshikana.

"Shika ukingo," mama akamwonya walipofika katikati. "Hapa pana utelezi."

Lami ilikuwa kavu kabisa. Bi Mita akashika ukingo usiokuwepo.

Ngazi mama hakuonyeshwa. Alizifuata mwenyewe, akakaa, akapapasa jiwe kwa kiganja. Maneno yakaanza kumtoka, mengi kuliko ya mwaka mzima. Nyumba yao ilikuwa pale juu palipo saluni. Mama yake alikuwa akifulia hapa chini, na yeye alikatazwa kupita ngazi ya mwisho. Lori lilikuja asubuhi moja, wakapakiwa na vyombo vyao, wakaambiwa barabara ikiisha watarudishwa. Barabara iliisha na hakuna aliyewaita, naye akajiapiza kwamba atarudi mwenyewe. Bi Mita alikuwa hajayasikia hayo hata siku moja. Wala hakuwahi kuuliza.

Mama akataka kujua maji yamekwenda wapi. Akapelekwa kwenye mfuniko, akaegemea bega la binti yake, akatega sikio mpaka wenye magari wakaanza kupiga honi. Kisha akaridhika.

"Haya, nirudishe nyumbani."

Bi Mita akaona heri aulize, jibu likiuma na liume. "Nyumbani wapi, mama? Kwangu, au kwa Balozi?"

"Balozi yuko wapi?"

"Ng'ambo."

Mama akageuka, akaangalia ngazi, akaangalia saluni, akaangalia duka la misumari.

"Ng'ambo si ndiyo hii?" akasema. "Mbona simwoni?"

Bi Mita alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta wa watu, na machozi yakatoka, yale ya kicheko na yale mengine aliyoyasugulia sufuria. Mama alimngoja amalize, kama anavyongojwa mtoto mwenye kwikwi. Akasema twende kwako bwana, miguu inauma, na supu ya leo usiache ipoe.

Jioni Balozi alipigiwa simu, ingawa haikuwa Jumapili. Aliuliza kwa wasiwasi kama mama yu tayari kwa safari.

"Mama ng'ambo keshakwenda," dada yake akamjibu. "Na keshanirudia."